Jembe au nyumba: kura ya 1965 ng'ambo ya mpaka wa Mutukula, Tanzania, na ile ambayo sisi hatukuipiga

Watu wakisikia neno chama kimoja hapo hapo wanafunga mjadala. Ah, huo haukuwa uchaguzi, yalikuwa maigizo, mshindi alishajulikana kabla karatasi hazijachapishwa. Mimi pia chama kimoja sikitaki, nasema mapema tusije tukagombana bure huko mbele. Lakini nimekuwa nikisoma na kuulizia habari za uchaguzi wa bunge wa Tanzania wa Septemba 1965, ule wa kwanza wakiwa na chama kimoja kisheria, na kadiri navyousoma ndivyo naona kuna jambo pale sisi wa Uganda tunatakiwa tuliangalie vizuri, hasa sisi ambao tumekua tukiwa na chama kilekile madarakani, tumeoa chama kilekile, tumezaa chama kilekile. Manake mwaka ule wakulima wa pamba na watu wa pwani waliangusha mawaziri, kwa kura, ndani ya chama kimoja, na mawaziri wenyewe walikuwa watu wakubwa kweli, watu waliopigania uhuru.

Sasa nianze nyuma kidogo maana bila hapo haieleweki.

Mwaka 1960 Tanganyika walipiga kura kuelekea uhuru. Viti vilikuwa 71, TANU, chama cha Nyerere, ikachukua 70. Ukiisikia hivyo unasema sawa, chama kilipendwa, na ni kweli kilipendwa. Lakini angalia ndani: viti 58 kati ya hivyo havikupigiwa kura kabisa kwa sababu hakuna aliyejitokeza kushindana na TANU. Yaani mtu anaamka asubuhi anaambiwa una mbunge, ameshapita. Kwa hiyo sehemu kubwa sana ya nchi ilipata uhuru bila mwananchi kushika karatasi ya kura mkononi. Na kile kiti kimoja kilichowaponyoka, cha Mbulu, kilichukuliwa na Herman Sarwatt aliyesimama kama mgombea binafsi, na yeye mwenyewe alikuwa mtu wa TANU, alikataa tu kumpisha yule ambaye chama kilimteua. Mimi habari ya Mbulu naipenda sana, kwangu ndiyo mbegu ya kila kitu kilichofuata. Watu wa Mbulu hawakuikataa TANU, walikataa kuchaguliwa mtu.

Halafu 1962 wakachagua rais, Nyerere dhidi ya Zuberi Mtemvu wa chama cha ANC. Mtemvu akapata kama asilimia 2 hivi. Hapo Nyerere akasema hoja yake ambayo aliirudia miaka mingi, kwamba chama kikishakuwa na nguvu namna hii, kuweka vyama viwili kwenye karatasi ni kumnyima mwananchi chaguo, kwa sababu mgombea wa TANU atapita hata awe mzembe namna gani, wanachagua chama, hawamchagui yeye. Basi bora tuwe na chama kimoja lakini ndani yake watu washindane kweli. Hoja nzuri ukiisikia. Ila mimi siwezi kuipitisha hivi hivi bila kutaja kwamba mwaka huohuo 1962 ilipitishwa sheria ya kuweka watu kizuizini bila kesi, na upinzani mdogo uliokuwepo haukupewa muda wa kukua, ulifungiwa mlango ukiwa bado mchanga. Ukishamnyima mtoto chakula usiseme huyu hana nguvu ya kutembea.

Januari 1964 ikaundwa tume ya kutengeneza huo mfumo, mwenyekiti wake Rashidi Kawawa. Mwezi huohuo wanajeshi wa Dar es Salaam waliasi, na siku chache tu baadaye wa kwetu hapa Jinja nao wakaasi, wakamshikilia waziri Felix Onama kambini mpaka wakakubaliwa mshahara. Mimi nimekulia Walukuba, hapo Jinja, na hiyo habari wazee wetu wanaijua vizuri kuliko habari za bunge. Naitaja kwa sababu miaka ile serikali zote mbili zilikuwa na hofu, na mtu mwenye hofu akiandika sheria ya uchaguzi utaiona hofu yake humo ndani.

Katiba ya Muda ikaja 1965. TANU chama pekee bara, Afro-Shirazi Zanzibar. Zanzibar hawakuchagua wabunge kabisa, walikuwa wanateuliwa, hilo nalisema na kulipita ila msilisahau, kwa sababu wakati mwingine watu wanasifia 1965 kama nchi nzima ilichagua bunge.

Sasa njoo kwenye mfumo wenyewe, hapa ndipo utamu ulipo.

Bara ilikuwa na majimbo 107. Mtu anayetaka ubunge anapendekezwa, halafu majina yanapelekwa kwenye Mkutano Mkuu wa TANU wa wilaya, wajumbe wanapiga kura kuonyesha wanayempenda zaidi. Matokeo yanapanda juu mpaka Halmashauri Kuu ya Taifa, na hao ndio wanaoamua majina mawili ya mwisho. Mawili tu. Mara nyingi walichukua wale wawili waliopata kura nyingi wilayani, lakini haki ya kubadilisha walikuwa nayo mkononi. Kisha mmoja anapewa alama ya jembe na mwingine alama ya nyumba, kwa sababu wapiga kura wengi walikuwa hawajui kusoma, na hapo ndipo nchi nzima ikaingia kwenye jembe na nyumba, nyumba na jembe, na alama hizo zikaendelea kutumika uchaguzi baada ya uchaguzi mpaka 1990.

Mambo ya kampeni ndiyo yaliyonishangaza zaidi. Mgombea hakuruhusiwa kufanya mkutano wake binafsi. Chama ndicho kilichoandaa mikutano, na wagombea wote wawili walipanda jukwaa moja, wanasafiri pamoja kijiji kwa kijiji, huyu anaongea, akimaliza na yule anaongea, mbele ya watu walewale. Hebu fikiria hiyo kwa Uganda ya leo! Huku mgombea anakuja na magari kumi, muziki, fulana, sukari, sabuni, na wewe unayeshindana naye huna hata boda ya kukupeleka kijiji cha pili. Pale hela haikuwa na pa kusimama. Haikuruhusiwa kutaja kabila, wala rangi, wala dini. Haikuruhusiwa kusema Mwalimu ananitaka mimi. Hiyo ya mwisho naomba isomwe mara mbili na kila mgombea wa huku ambaye bango lake limejaa picha ya mtu mwingine kuliko yake.

Na kampeni zote kwa Kiswahili. Lugha ya kabila marufuku jukwaani, hata kama uko ndani kabisa kijijini kwenu na mama yako amekaa mstari wa mbele.

Hili la lugha mimi limenikaa kichwani sana. Kwa sababu ukikatazwa kusema lugha ya nyumbani huwezi kuwanong'oneza watu jambo ambalo mgeni hatalielewa. Kila neno unalolisema Mwanza linaeleweka na mtu wa Mtwara. Msimamizi wa chama anayetoka mkoa mwingine anakusikia, mshindani wako anakusikia, mwalimu aliyehamishiwa pale kutoka kwingine anakusikia. Kulikuwa na wazee ambao Kiswahili chao hakikuwa kizuri na bila shaka walipoteza kitu hapo, mama wa kijijini ambaye hakusoma alisikiliza kampeni ya mbunge wake kwa lugha aliyoijua nusu, hiyo gharama siifichi. Lakini sisi tunaojua Uganda kura inavyogawanyika kwa lugha tunajua walichokinunua kwa gharama hiyo.

Kuna mzee mtaani kwetu, asili yake Bukoba, alivuka mpaka zamani akaja kufanya kazi kiwanda cha nguo hapa Jinja na hakurudi tena. Yeye 1965 alikuwa kwao na alipiga kura. Nilimuuliza, babu, mlichagua jembe au mtu? Akaniangalia kwa muda. Akasema, "Mjukuu wangu, kuna waliochagua jembe kwa sababu ni jembe, huwezi kumwambia mkulima akatae jembe. Lakini mimi nilimjua yule wa nyumba, nilijua na yule wa jembe, tulikuwa tumewasikiliza pamoja siku moja, mmoja alijibu maswali na mwingine alihutubia." Nikamuuliza ulimchagua yupi, akasema kura ni siri. Miaka yote hiyo na bado ni siri, na mimi nikanyamaza kwa heshima.

Kujibu maswali na kuhutubia. Wagombea walicheza sana na zile alama, wa jembe anasema bila mimi hamli, wa nyumba anasema mkitoka shambani mnarudi wapi. Lakini watu waliangalia mbali zaidi ya hapo, na matokeo ndiyo ushahidi.

Paul Bomani alikuwa waziri wa fedha. Huyu si mtu wa kuokotwa, ndiye aliyejenga ushirika wa wakulima wa pamba kule Usukumani kabla ya uhuru, ushirika mkubwa uliosifika Afrika nzima, jina lake kule kwao ni kama vile jina la pamba yenyewe. Na huko huko Mwanza akashindwa. Wakulima walikuwa na malalamiko juu ya vyama vya ushirika, makato, uendeshaji, na malalamiko hayo yalikuwa ya kweli kiasi kwamba mwaka 1966 serikali iliunda kamati maalum kuchunguza vyama vya ushirika nchi nzima. Kumbe kura ilikuwa imesema kabla ya kamati. Hakuna ripoti iliyofika Dar es Salaam haraka kuliko ile karatasi ya kura.

Bibi Titi Mohamed naye akaanguka, Rufiji. Hapa nilisikitika kidogo, nawaambia ukweli. Huyu mama ndiye aliyewaingiza wanawake TANU kwa maelfu, alizunguka nchi akiongea na watu wakamfuata, bila yeye sijui TANU ingekuwa TANU gani. Na watu wa Rufiji wakachagua mwingine. Unaweza kusema ni kukosa shukrani. Mimi nimelifikiria nikaona hapana, mwananchi hakukupa ubunge kama pensheni ya uhuru, na kama alimchagua mwingine kwa sababu zake basi sababu zake zinatosha. Lakini moyo unauma, na hayo yote mawili yanaweza kukaa pamoja.

Kwa jumla mawaziri wawili walipoteza viti, na manaibu na wabunge wa zamani wengi wakaondoka nao. Upande wa pili, Derek Bryceson, Mzungu, rubani wa vita vya dunia vya pili, akashinda tena Dar es Salaam. Amir Jamal, Mhindi, akashinda naye. Watu walewale wanaomwangusha shujaa wa uhuru wanampa kura Mzungu kwa sababu wameridhika na kazi yake ya kilimo. Mtu wa nje akikuambia kwamba hao ni watu wa "kijijini wasiojua siasa", jibu lake ni hilo.

Nyerere mwenyewe alipigiwa kura ya ndiyo au hapana, akapata zaidi ya asilimia 96. Hiyo naiacha, mshindani hakuwepo hivyo hakuna cha kupima.

Basi nimesifu vya kutosha, sasa upande wa pili.

Bomani aliyekataliwa na wakulima wa Mwanza, Nyerere alimrudisha bungeni kwa nafasi za uteuzi na akaendelea kuwa waziri, wizara nyingine. Kisheria hakuna kosa, katiba iliruhusu wabunge wa kuteuliwa. Na pengine Mwalimu aliona kichwa kama kile hakitupwi. Lakini jiweke kwenye nafasi ya yule mkulima. Umetembea, umepanga mstari kwenye jua, umemwondoa mtu, umerudi nyumbani unawasha redio unasikia jina lake kwenye orodha ya mawaziri. Utajisikiaje?

Halafu ikaja Oktoba 1968. Halmashauri Kuu ya TANU ikafukuza uanachama watu kadhaa wakiwemo wabunge, mmojawapo Joseph Kasella Bantu, na sheria ilikuwa kwamba ukipoteza uanachama umepoteza na ubunge. Wengine kosa lao kubwa lilikuwa kuuliza maswali magumu kwa sauti, miaka ile bunge lilianza kudai kwamba lenyewe ndilo lenye nguvu na chama kikajibu kwamba hapana, chama ndicho juu. Wale wabunge walikuwa wamepigiwa kura 1965 na wananchi, mbele ya mshindani, jukwaa moja, kila kitu kwa utaratibu. Wakaondolewa na kikao kimoja, na wananchi waliowachagua hawakuulizwa.

Hapa ndipo mimi nimefika na fikra zangu zote. Ile siku ya kura 1965 ilikuwa huru, naamini hivyo, na nadhani ilikuwa huru kuliko siku nyingi za kura tulizoziona Afrika Mashariki zenye vyama kumi kwenye karatasi. Mwananchi alipewa uwezo wa kumfukuza kazi mbunge na akautumia kwelikweli. Lakini kalamu ya kuandika yale majina mawili ilikuwa juu, na kalamu ya kumfuta aliyeshinda ilikuwa juu vilevile. Mwananchi akabaki katikati. Nikitaka kujua uchaguzi wa chama kimoja ulikuwa wa kweli kiasi gani siulizi kwanza kama kura ziliibiwa, nauliza nani alipanga majina kabla na nani anaweza kuyafuta baada.

Sasa sisi.

Wakati Watanzania wanachagua kati ya jembe na nyumba, sisi bunge letu lilikuwa lile la Aprili 1962. UPC, chama cha Milton Obote aliyekuja kuwa waziri mkuu, ilikuwa imepata viti 37, DP 24, na Lukiiko, yaani baraza la ufalme wa Buganda, ikapeleka 21 wa Kabaka Yekka, chama cha kumtetea mfalme wao, bila watu wa kawaida kupiga kura ya moja kwa moja. Bunge hilo hilo likaanza kuyeyuka kwa watu kuhama, mpaka kiongozi wa upinzani mwenyewe Basil Bataringaya akahamia UPC akapewa uwaziri. Nyie fikirieni, kiongozi wa upinzani! Kura za DP za mwaka 1962 zikageuka kuwa za UPC na aliyezipiga hakusogea kutoka kwake. Halafu Februari 1966 mawaziri watano wakakamatwa ndani ya kikao cha baraza, Mei jeshi likavamia Lubiri, kasri ya Kabaka, 1967 katiba mpya, na muda wa bunge ukasogezwa mbele, hakuna uchaguzi. Desemba 19, 1969 Obote akapigwa risasi pale Lugogo akitoka kwenye mkutano wa chama, akapona, na vyama vya upinzani vikapigwa marufuku. Tukawa nchi ya chama kimoja kwa njia ya risasi na amri, bila hata tume ya kuzunguka kuuliza watu kama ile ya Kawawa.

Lakini mwaka 1970 Obote akaleta pendekezo ambalo vijana wengi wa leo hawajalisikia kabisa, Waraka Namba 5, watu walikuwa wanauita tatu jumlisha moja. Yeye alikuwa anamwangalia sana Nyerere, ila hapa alikwenda mbali zaidi. Mgombea ubunge anasimama jimbo lake la nyumbani, na papo hapo anasimama majimbo mengine matatu, moja kila kanda ambayo si ya kwao. Nchi iligawanywa kanda nne, kaskazini, mashariki, magharibi na kusini. Kwa hiyo mtu wa Gulu lazima akatafute kura Buganda, na Busoga, na Ankole, na matokeo ya kote yanahesabiwa pamoja. Lengo ni kwamba hakuna atakayeingia bungeni kwa kabila lake tu.

Mimi nilipoisoma mara ya kwanza niliruka kwenye kiti. Wazo kubwa! Nchi ambayo hata leo ramani ya matokeo ni kama ramani ya lugha, mtu aliwaza kumlazimisha mwanasiasa akaombe kura kwa watu wasiomjua jina la baba yake. Halafu nikajiuliza swali dogo tu, wangeomba kwa lugha gani?

Hapo ndipo nikamwelewa Nyerere na ile sheria yake ya Kiswahili. Huwezi kujenga tatu jumlisha moja bila lugha ambayo mtu wa Arua na wa Kabale na wa Tororo wote wanaisikia. Kiingereza walikijua wachache sana. Luganda, watu wa kaskazini wasingekubali. Kiswahili huku kilikuwa cha jeshi, cha polisi, cha reli, cha soko, cha mitaa kama Walukuba yetu ambapo kuna kabila zote na huna namna nyingine ya kumwambia jirani akupunguzie redio. Kingeweza, naamini kingeweza, lakini hakuna aliyekiandaa. Amin ndiye aliyekuja kukitangaza lugha ya taifa mwaka 1973, kwa amri, na kwa watu wengi lugha ikabaki na harufu ya bunduki mpaka leo. Mwaka 2005 katiba imekifanya lugha rasmi ya pili, 2022 baraza la mawaziri likasema kifundishwe kwa lazima, na bado sijawahi kuona mgombea ubunge akija Jinja na kuhutubia kwa Kiswahili mwanzo mpaka mwisho.

Ile kura ya tatu jumlisha moja haikupigwa. Januari 25, 1971 jeshi likachukua nchi, na kati ya zile sababu 18 zilizosomwa redioni kuhalalisha mapinduzi mojawapo ilikuwa hii hii, kwamba mfumo wa majimbo manne utawafaa matajiri na wenye majina tu. Inauma kusema lakini hoja hiyo haikuwa ya kijinga, manake nani ana gari na mafuta ya kuzunguka kanda nne? Tanzania walilijibu hilo kwa kusafirisha wagombea pamoja. Wale walioisoma redioni hawakutaka jibu, walitaka ikulu.

Kwa hiyo kutoka Aprili 1962 mpaka Desemba 1980 Mganda hakuchagua bunge. Miaka 18. Mtoto aliyezaliwa siku ya uchaguzi wa kwanza alikuwa ameshafika umri wa mtu mzima alipoona wa pili. Na huo wa pili mnaujua, wa tarehe 10 na 11 Desemba, masanduku manne kila chama na lake, na katikati ya kuhesabu Paulo Muwanga, mwenyekiti wa Tume ya Kijeshi iliyokuwa inatawala, akatoa tangazo kwamba ni yeye peke yake mwenye ruhusa ya kutangaza matokeo, na anayekaidi faini na jela. Mara hii vyama vilikuwa vinne halali kwenye uwanja, na kalamu ilikuwa moja. Ndiyo maana mtu akiniambia vyama vingi peke yake ni dawa mimi namtajia siku ile. Februari 1981 watu walikuwa wameshaingia msituni.

Halafu 1989, Februari, uchaguzi wa NRC, yaani bunge la wakati huo, chini ya NRM ya Museveni, bila vyama. Vijijini watu walipanga mstari nyuma ya mtu wanayemtaka, kuanzia RC, yaani baraza la kijiji, halafu waliochaguliwa wakachagua wa juu yao, ngazi kwa ngazi mpaka bungeni, na kila wilaya ikapeleka mwakilishi wa wanawake. Na tena, ona, mawaziri na manaibu kadhaa wakaangushwa. Jambo lilelile la 1965 likajirudia kwetu baada ya karibu robo karne. Mwananchi ukimpa hata tundu dogo anapita nalo.

Ila mstari si siri. Kwenye mstari jirani anakuona, mwenye nyumba unayopanga anakuona, bosi anakuona. Yule mzee wangu wa Bukoba ambaye mpaka leo hasemi kama alikuwa jembe au nyumba, angepangwa mstari kila mtu angejua mchana huohuo.

Na hiyo haijaisha. Julai 17, 2025 NRM ilifanya kura za mchujo za ubunge, zile praimari, na watu wakapanga mstari tena nyuma ya wagombea, kama walivyofanya Septemba 2020. Mikoa mingi ya nchi hii ukishinda praimari umeshinda ubunge, kura kuu ni kumalizia tu. Yaani katika sehemu hizo uchaguzi wa kweli wa mbunge unafanyika ndani ya chama kimoja, kwa sheria za chama kimoja, na malalamiko yanaamuliwa na chama hichohicho. Tuna katiba ya vyama vingi tangu kura ya maoni ya 2005 na bado mtu wa Kiruhura au wa Karamoja mbunge wake anapatikana kwa njia inayofanana na ya Mtanzania wa 1965, tofauti ni kwamba yule Mtanzania alikuwa na karatasi ya siri, wagombea walipanda gari moja, na hakuna aliyempa sukari.

Hilo ndilo ningependa tulijadili kabla ya praimari zijazo, iwe NRM au vyama vya upinzani kama NUP na FDC, maana wote wanachuja majina huko ndani na sisi tunaletewa yaliyobaki. Karatasi ya siri kwenye mchujo. Jukwaa moja kwa wagombea wote, chama kigharamie. Na mtu akishachaguliwa na wananchi asiondolewe na kikao cha chama bila wananchi kurudi kupiga kura.

Nina ombi moja. Natafuta wazee waliokuwepo 1970 na wanakumbuka mikutano ya kuelezea ule Waraka Namba 5 vijijini, ilifanyika vipi, watu waliuliza nini, na mkalimani alikuwa nani. Kama una babu au bibi Lira, Mbale, Masaka, Fort Portal, popote, mkalishe muulize, halafu niandikie alichosema hata kama ni sentensi mbili. Na walio upande wa Bukoba na Mwanza, nyie niulizieni kuhusu mikutano ya jembe na nyumba, hasa kina mama, kwa sababu niliowapata mpaka sasa wote ni wanaume.